Premo, Fimo Soft na Sculpey III: udongo upi unafaa hereni za kuuza?

Udongo wa polima si udongo wa mfinyanzi, japo jina linawapotosha wengi. Ni plastiki, PVC iliyochanganywa na rangi na kilainishi. Haukauki ukiachwa mezani. Unaiva kwa joto tu. Pakiti moja ya gramu 57, ikisukumwa hadi unene wa milimita 3, hutoa jozi sita hivi za hereni za duara zenye upana wa sentimita 3, mradi masalio yakusanywe na kusukumwa tena.

Sculpey III ndiyo inayowavutia wanaoanza: laini tangu inatoka kwenye pakiti, rangi kibao. Lakini ikishaiva ni kama biskuti. Hereni nyembamba ikidondoka sakafuni inakatika, hasa kwenye tundu la pete ya kuunganishia. Premo, ya kampuni hiyohiyo ya Marekani, inataka kukandwa dakika tano hivi kabla haijatii, ila kipande chake kilichoiva vizuri unakipinda kwa vidole nacho kinarudi. Kwa hereni, hakuna mjadala hapo. Fimo Soft ya Ujerumani iko katikati: haikatiki ovyo, ila kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa inalegea na kunata, na alama za vidole zinabaki. Cernit ya Ubelgiji inaiva ikiwa ngumu na yenye mng'ao kama kauri, lakini mikono ikiwa ya moto nayo inalegea vilevile. Anayetengeneza nakshi za mtindo wa kitenge, zile za kuunganisha vijiti vya rangi kuwa gogo moja kisha kukata vipande, alaze gogo lake kwenye friji dakika 20 kabla ya kutumia wembe. Bila hivyo, maua yote yanageuka mayai.

Dukani, bonyeza pakiti kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama jiwe, au inamong'onyoka kwenye kona, imeshaanza kuiva kwa kukaa juani au kwenye stoo ya bati. Iache. Nyumbani usiuhifadhi udongo mbichi kwenye vikopo vya plastiki ngumu inayong'aa, maana kilainishi chake kinaila plastiki hiyo. Chupa ya kioo au mfuko laini wa nailoni unatosha.

Sasa oveni, maana lawama nyingi zinazotupiwa udongo ni za oveni. Premo inataka nyuzi joto 135 za Selsiasi, dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Fimo Soft ni 110, dakika 30. Kitufe cha oveni ndogo ya mezani hakiaminiki: kinaweza kusema 135 wakati ndani ni 160, kisha waya wa juu ukiwaka joto linaruka tena. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni kabla ya kununua rangi ya pili. Panga hereni juu ya kigae chenye karatasi ya kuokea, zifunike kwa foili bila kuzigusa, na uziweke mbali na waya. Oveni ya sufuria yenye mkaa juu na chini inapika keki safi kabisa, lakini hapa haifai, kwa sababu huwezi kulishikilia joto mahali pamoja. Nyeupe ikigeuka rangi ya chai, joto limezidi. Ikianza kutoa moshi, zima, fungua madirisha na utoke: PVC ikiungua hutoa gesi ya tindikali inayokaba koo.

Kosa baya zaidi ni kutoiva, kwa kuwa halionekani. Kipande kinakuwa kigumu na kizuri, kisha kinavunjika masikioni mwa mteja. Kila unapooka, weka pembeni ukanda mwembamba wa udongo uleule. Ukishapoa kabisa, upinde. Ukikatika, rudisha zote ovenini.

Viputo vya hewa vinatokana na kukunja vibaya. Ukitumia mashine ya tambi, tanguliza upande wa mkunjo ili hewa itokee nyuma. Nyeupe ikandwe kabla ya nyekundu na nyeusi, na vumbi lililonasa lifutwe kwa pamba yenye spiriti kabla ya kuoka.

Kwenye kufunga pini ya hereni, supa gluu peke yake inachoka na pini inabanduka. Paka udongo wa polima wa majimaji nyuma ya hereni, laza kisahani cha pini, kifunike kwa kipande chembamba cha udongo, oka tena. Kung'arisha kwa rangi ya kucha ni kujiharibia: baada ya wiki chache uso unanata. Sugua kwa msasa wa maji namba 400, 600, kisha 1000, umalizie kwa kitambaa cha jinzi.

Na Sculpey III uliyokwisha kununua usiitupe. Nayo inaiva kwa 135, hivyo ichanganye na Premo nusu kwa nusu, au itengenezee shanga nene za milimita 10 na kuendelea, zilizotobolewa kabla ya kuingia oveni.