Bustani ya Mimea ya Entebbe: nimeenda mara tatu, nawaambia ukweli

Hii naandikia hasa sisi wa hosteli za Kikoni, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, na wale wanaokuja kusoma Kampala kutoka Kenya, Kongo na Tanzania, manake nikiuliza watu wanatuliza kichwa wapi wakati wa mitihani najibiwa baa au kitanda.

Mwezi wa nne nilikuwa nimefika mahali nasoma ukurasa mmoja mara sita na sioni kimeandikwa nini. Chumba, kitanda, meza ndogo, laptopu, rolex (chapati iliyokunjiwa mayai) ya saa nne usiku, unalala, unaamka, unarudia hivohivo. Mgongo unauma kama wa mzee, usingizi unakuja tu adhana ya alfajiri ikianza. Kwanza nililipia jimu moja ya jirani, sitaitaja, mwezi mzima nikaenda siku nne. Mashine za kukimbilia ziko mbili na moja imefunikwa shuka tangu nifike, muziki unapiga hadi meno yanatetema, alafu kila ukigeuka unajiona kwenye kioo na ule uchovu wako. Nikarudi kitandani.

Ninayeishi naye chumba kimoja ni kijana wa Masaka. Jumatano moja hatuna lekcha akaniamsha saa kumi na mbili, akasema munange (rafiki yangu, kwa Kiganda) toka humo kabla hujaota mizizi. Tukapanda taksi mjini (wageni mjue, hapa taksi ndo ile matatu yenu au daladala yenu), kama kilomita 40 hivi, mimi nimebanwa kiti cha nyuma na gunia la mtu, na njiani ndo akanieleza kwamba jina Entebbe limetoka kwa neno la Kiganda la kiti. Nikacheka peke yangu. Mtu miezi mitatu hajainuka kwenye kiti, anapelekwa kutibiwa kwenye mji wa viti.

Sasa bustani yenyewe. Ilianzishwa 1898, enzi Entebbe ndo makao ya serikali ya wakoloni, walikuwa wanajaribia hapo mazao kutoka nje kama mpira na kakao waone kama yatakubali udongo wa huku. Kwa hiyo usitegemee bustani ya maua ya kupigia picha tu, kuna miti mikubwa mno, mingine mizizi yake imesimama nje ya ardhi kama kuta, unaingia katikati unajificha wote na begi lako. Ni kama hekta 40, inateremka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kiingilio unalipa getini, bei siwawekei hapa manake zinabadilika, beba kitambulisho cha chuo na cha kwenu uulize vizuri kabla ya kutoa pesa.

Dakika ishirini za kwanza sikuona kitu. Miguu iko Entebbe, kichwa kiko Kikoni kinapiga hesabu za pepa, nikikosa hii nairudia lini, nyumbani nitawaambia nini. Alafu tukaingia pale miti imefungana juu, jua linashuka vipandevipande, kuna harufu ya majani yaliyolowa usiku, na juu yetu kitu kikapita kwa kishindo kama mtu anakung'uta mkeka. Hondohondo. Wawili. Nikasimama mdomo wazi. Mbele kidogo mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani kama wamejitanda shali, familia nzima imekaa kwenye tawi inatafuna majani bila haraka yoyote, mkia unaning'inia tu. Nadhani nilisimama pale robo saa. Nilipoangalia simu ndo nikagundua lile pepa sijaliwaza tangu tushuke karibu na maji.

Baadae nikatafuta kusoma nione kama ni mimi tu. Kuna watafiti wa Stanford, Marekani, 2015, waliwatembeza watu dakika 90, wengine kwenye majani na miti, wengine kando ya barabara yenye magari, na waliotoka kwenye miti ndo walirudi wamepunguza ile tabia ya kurudiarudia mawazo mabaya kichwani. Watu wenyewe walikuwa 38 tu kwa hiyo sisemi ni msahafu, lakini mimi ile kurudiarudia ndo ugonjwa wangu haswa, na mzunguko wetu wa siku ile ulichukua saa moja na nusu na ushee. Na kama unajisikia vibaya kiasi cha kutotaka kuishi, hiyo si ya miti, nenda kwa mshauri wa chuo au daktari, matembezi yatakusubiri.

Yaliyonikuta ya ovyo. Tumekaa chini tunakula, nimeweka chapati yangu kwenye kavera (mfuko wa plastiki) hapo pajani kabisa, tumbili akaja. Hakukimbia hata, alikuja anatembea kama mtu anafuata chenji yake, akachukua, akapanda. Akafungua fundo la kavera haraka kuliko mimi nilivyolifunga, akala chapati yote, akalamba kavera, akaitupa ikaanguka karibu na kiatu changu. Mwenzangu akasema "munange, hiyo si yako tena." Kwa hiyo chakula kula nje kabla hujaingia, au kiwe ndani ya begi lenye zipu. Jingine, safari ya pili mvua ilikuwa imenyesha, nilienda na sandali kwa ujeuri, nikakanyaga msafara wa siafu, sitaki kueleza nilivyovua suruali. Vaeni viatu vya kufunga. Na ukifika kwenye maji usiingize miguu hata ukisikia joto vipi, ziwa hili lina kichocho.

Siku za wiki asubuhi ndo nzuri, unaweza kwenda hatua mia tano hujaona mtu. Mara ya tatu tulienda Jumamosi, kuna mabibi harusi wanapigwa picha, familia na masufuria yao, watoto na mipira, raha yake ipo ila si ile ya kutuliza kichwa.

Shida ni umbali. Nauli kwenda na kurudi, kiingilio, chakula, foleni ya kurudi jioni, mwanafunzi hawezi kila wiki, asidanganywe mtu. Kwa hiyo Entebbe tumeifanya ya mara moja kwa mwezi na siku zingine tunatembea hapahapa mlimani Makerere. Tunatoka Kikoni saa kumi na moja jioni, tunazunguka hadi geti la upande wa Wandegeya, tunapanda hadi lile jengo kuu la chuo lililoungua 2020 na kujengwa tena, kaloli (wale korongo wakubwa wenye vipara) wamesimama juu ya miti wametulia kama wazee msibani, tunashuka upande wa pili. Nusu saa. Siku tano za wiki inafika dakika 150, ambazo ndo kiwango cha chini Shirika la Afya Duniani linataka kwa mtu mzima kwa wiki. Kabla ya saa moja tuwe tumerudi, simu mfukoni, kile kilima jua likizama kiza kinaingia mara moja na wakwapuaji wapo.

Na kuna kitu kinanichekesha. 2018 ulitoka utafiti wa hilohilo Shirika la Afya Duniani, ukaonyesha Uganda ndo nchi yenye watu wachache kabisa duniani wasiotosheleza mazoezi, asilimia 5.5 tu. Ukipanda mlima jioni unaona kwa nini, yule mama wa matooke anapita na kikapu kichwani anakupita wewe mwenye raba, na anakuuliza kwa huruma mnaenda wapi hivo kwa miguu. Tukamwambia hatuendi popote, tunatembea tu. Alitutazama kama wagonjwa.

Mgongo umepungua, haujaisha. Usingizi sasa unakuja saa sita, saa saba, sio alfajiri. Ile pepa nimepita, ingawa hiyo siwezi kuisingizia miti. Bustani naipa nyota nne, ya tano ningeipa kama ingekuwa Wandegeya. Tunaenda tena Jumatano ya mwisho wa mwezi, kama hatuna lekcha, taksi tunapanda saa kumi na mbili na nusu, anayetaka aje na chapati yake ameificha.