Mafunzo ya Opera kwa Wanafunzi wa Sekondari Mjini Lindi: Je, Yanastahili Ada Yake?

Kabla ya likizo ya Juni, shule kadhaa za sekondari za Manispaa ya Lindi zilipokea barua kutoka kwa kikundi cha walimu wa muziki na sanaa za maonyesho, zikialikwa kupeleka wanafunzi kwenye mafunzo ya opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, ambayo yangehitimishwa kwa onyesho litakalotungwa na wanafunzi wenyewe. Ada ilikuwa shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi, chai na chakula cha mchana vikiwa ndani yake. Mimi ni mwalimu wa Historia, na niliombwa kuwasindikiza wanafunzi wetu. Nilihudhuria karibu vipindi vyote, na tathmini hii nawaandikia walimu wakuu na wazazi ambao wameanza kuuliza kama wapeleke watoto katika awamu ijayo.

Anayetafuta mafunzo ya kuimba hatapata thamani ya fedha yake hapa. Anayetaka mwanafunzi aelewe opera ni sanaa ya namna gani na inajengwaje, basi katika mkoa huu sijaona mafunzo yanayoyakaribia haya. Sababu ni kwamba wawezeshaji hawakufundisha opera kwanza ndipo watoe zoezi; zoezi lenyewe ndilo lililokuwa somo, na kila jambo la nadharia lilingoja mpaka wanafunzi wakwame mahali na kulihitaji.

Historia ilitolewa kwa ufupi, na vizuri. Wanafunzi walielezwa kwamba sanaa hii ilizaliwa Italia, katika mji wa Florence, karne ya 16 ikielekea mwisho, na kwamba mwaka 1607 mtunzi Claudio Monteverdi alionyesha mjini Mantua kazi ambayo mpaka leo inapigwa majukwaani. Waliambiwa pia kwamba opera maarufu ya Giuseppe Verdi, Aida, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1871, jambo lililowashangaza waliodhani Afrika haimo kabisa katika habari hii. Walioamka zaidi ni wasichana, waliposikia rekodi ya Pretty Yende, msoprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) wa Afrika Kusini aliyeimba katika kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu mwaka 2023. Baada ya hapo mwezeshaji alifunga kompyuta yake na kuwauliza ni kisa gani cha Lindi kinachostahili kuimbwa.

Walijadili kwa muda mrefu. Wapo waliotaka Kilwa na masultani wake, wapo waliotaka Vita vya Majimaji, na mwishowe ikashinda hoja ya kijana wa kidato cha tatu aliyesema kwamba mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbuliwa huku Lindi, anafahamika na kila mtu, lakini waliombeba hawafahamiki na yeyote. Kwa mwalimu wa Historia hapo palikuwa na karamu. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu wa makumbusho ya Berlin wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig waliajiri mamia ya vibarua kuchimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa takriban kilomita 60 mpaka bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya Majimaji na njaa iliyofuata. Mifupa ya mjusi mkubwa kuliko wote iliunganishwa na kusimamishwa Berlin mwaka 1937, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi wa vibarua aliyeaminiwa kuliko wote, Boheti bin Amrani, ametajwa kwa jina katika kumbukumbu za kazi hiyo, na wanafunzi walipolisikia jina hilo walikubaliana papo hapo kwamba opera imepata mhusika wake mkuu.

Siku za kuandika maneno, yaani libreto, ndizo zilizonishawishi kwamba mbinu hii ina akili. Wanafunzi waligawanywa katika makundi manne, kila kundi likapewa tukio moja, na wote walirudi na kosa lilelile: kila mhusika alikuwa na wimbo mrefu wa kulia. Mzungu analia, mpagazi analia, mama wa mpagazi analia, hata bandari imepewa beti sita za majonzi. Mwezeshaji hakuwakosoa. Aliwapa kalamu za rangi mbili, akawataka wapige mstari mwekundu chini ya kila sentensi inayompa msikilizaji habari mpya, na mstari wa buluu chini ya kila sentensi inayoeleza kilichomo moyoni mwa mtu. Kisha akawaeleza kwamba opera ina njia mbili za kuimba kwa ajili ya hayo mawili: resitativo, ambamo sauti hufuata mwendo wa usemi na kisa husonga mbele, na aria, ambamo kisa husimama ili mtu mmoja aseme lililomsibu, akiyarudia maneno yaleyale kadiri moyo unavyodai. Wanafunzi waliokulia kwenye ngonjera za shule ya msingi waliielewa resitativo bila taabu, kwa kuwa tayari walikuwa na mazoea ya kujibizana kwa beti mbele ya hadhira.

Kutokana na mistari hiyo ya rangi walifanya uamuzi ambao nisingeutarajia kwa watoto wa umri huo. Mabishano ya ujira kati ya vibarua na Janensch waliyafanya resitativo kavu, yenye kinanda kinachogusa sauti moja moja, kwa sababu, kama alivyosema msichana mmoja, mtu anayedai fedha yake hapambi maneno. Aria wakaibakiza moja tu, ya Boheti, anayoiimba peke yake usiku kabla ya msafara kuondoka, akijiuliza mfupa wa mnyama ambaye hakuna aliyemwona akiwa hai unapelekwa wapi na utarudi lini. (Mzazi mmoja aliniuliza kama opera si taarabu ya Kizungu tu. Nilimwambia aje asikilize aria hiyo kwanza, ndipo tubishane.)

Wimbo wa wapagazi uliachiwa kwaya nzima. Waliutunga wakitembea uani wakiwa na ndoo za maji vichwani, mwanzishaji akitoa mstari na wengine wakiitikia kwa hatua, na kila ubeti ulikwenda polepole kuliko uliotangulia kwa vile mzigo ulizidi kulemea. Kwa ngoma walitumia vipande vya mianzi, baada ya kusoma kwamba mifupa mingine ilifungashwa kwa mianzi kabla ya kubebwa. Mwezeshaji alinakili sauti zao na kuzipangia soprano, alto, tenor na besi, akabadilisha kidogo sana. Uaminifu huo kwa kazi ya watoto ni jambo la kusifiwa, maana nimeona miradi mingi inayoitwa ya wanafunzi ambayo wanafunzi huletewa ikiwa imekwisha.

Kasoro zipo, na baadhi si ndogo. Makaratasi ya muziki yaliyogawiwa yalikuwa na nota za mistari mitano, ilhali karibu kila mwanafunzi aliyepitia kwaya ya kanisa au ya shule hapa kwetu husoma solfa, yaani do-re-mi. Siku mbili zilipotea watu wakikariri kwa sikio huku karatasi zikitumika kujipepea. Mafunzo ya sauti yalikuwa duni zaidi. Wanafunzi walifundishwa kwa maneno kwamba mwimbaji wa opera huifikisha sauti yake juu ya okestra nzima bila kipaza sauti, kwa nguvu ya pumzi na jinsi anavyoifungua koo na kinywa, lakini mazoezi ya pumzi yalifanywa asubuhi kwa dakika chache kama desturi tu. Wavulana ambao sauti zao ndiyo kwanza zinavunjika walipangwa kuimba sauti ya tenor, na wawili kati yao walimaliza mafunzo wakiwa wamekauka koo. Hilo mwalimu wa sauti yeyote angeliona siku ya kwanza.

Siku ya onyesho vikaletwa vipaza sauti. Ukumbi ulikuwa wa bati, madirisha wazi, feni zikinguruma, na naelewa kwamba wazazi wa nyuma wasingesikia kitu. Hata hivyo, kuwafundisha watoto kwamba opera ni sanaa ya sauti isiyosaidiwa, kisha kuwawekea spika mbili kubwa, ni kulivunja somo lenyewe. Kwaya ya wapagazi haikuhitaji msaada wowote na ilisikika mpaka barabarani. Aria ya Boheti ndiyo iliyoumia, kwa sababu kipaza sauti kilipiga mluzi katikati ya mstari bora kuliko yote. Mwimbaji, kwa sifa yake, hakukatiza.

Onyesho lilidumu karibu nusu saa. Maleba yalikuwa kaniki na mashuka, mandhari yalikuwa kitambaa kimoja kilichochorwa kilima, na hapakuwa na haja ya zaidi. Wiki moja baadaye nilirudi darasani na kuwaomba waliohudhuria wawaeleze wenzao tofauti ya resitativo na aria bila kutumia daftari. Walieleza kwa kuimba, mmoja akitoa mfano wa mwalimu wa zamu anayetangaza majina ya waliochelewa, na mwingine akijibu kwa aria ya mchelewaji. Mwaka huohuo, katika mada ya uchumi wa kikoloni, insha zao kuhusu ujira wa vibarua zilikuwa na maswali ambayo kitabu cha kiada hakiyaulizi.

Shule yenye kwaya hai na mwalimu wa muziki anayeweza kusimamia sauti itafaidika sana na mafunzo haya, na ada yake ni ya haki. Shule isiyo na mwalimu huyo imwombe mwezeshaji, kabla ya kulipa, atenge angalau saa moja ya sauti kila siku na awapime wavulana kabla ya kuwapanga. Wote wadai nota za solfa kwa maandishi. Kuhusu ukumbi, napendekeza kanisa au darasa kubwa lenye kuta nene, onyesho lifanyike saa kumi jioni upepo wa bahari unapokuwa umeanza kupoza, feni zizimwe na spika zibaki ghalani.