Virutubisho vya uyoga vinavyouzwa Tanga: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kiachwe

Katika maduka ya tiba mbadala ya Ngamiani, na kwa mawakala wanaopita maofisini na mikoba yao, makopo ya uyoga wa reishi na kodisepsi yamekuwa bidhaa ya kawaida, ingawa bei zake si za kila mfuko. Mbele ya kopo huchorwa uyoga mzima unaong'aa. Kilichomo hasa huandikwa nyuma kwa herufi ndogo, na huko ndiko mnunuzi anakopaswa kuanzia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa Marekani zilipimwa maabara, na ni 5 tu zilizothibitika kuwa na kile ambacho lebo zake zilidai. Kwa kuwa ushahidi wa tiba kwa binadamu bado ni mchache, mpangilio ufuatao unazingatia ukweli wa bidhaa na si nguvu yake ya kuponya.

Nafasi ya kwanza ninaipa reishi kavu iliyokatwa vipande bila kusagwa, kwa sababu ni vigumu kuighushi. Uso wake ni wa hudhurungi inayoelekea wekundu, upande wa chini una vitundu vidogo sana, na ndani ni mgumu kiasi kwamba meno hayaufai. Huchemshwa kwa moto mdogo kwa saa moja au zaidi, na maji yake hunywewa. Maji hayo huwa machungu, uchungu unaokaribia ule wa mwarobaini, nao hutokana na kemikali ziitwazo triterpeni. Unga unaoitwa reishi lakini usio na uchungu wowote ni wa kutiliwa shaka.

Nafasi ya pili ni dondoo, yaani uyoga uliokwisha kuchemshwa kiwandani na maji yake kukaushwa kuwa unga, mradi lebo iseme kwamba umetokana na uyoga wenyewe, kofia na shina, na itaje asilimia ya beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi zilizomo katika ukuta wa seli za uyoga. Hapa pana ujanja unaowapata wengi. Baadhi ya watengenezaji hutangaza asilimia kubwa ya polisakaraidi, jina la jumla la minyororo mirefu ya sukari, beta-glukani ikiwemo, jambo linalosikika vizuri, lakini wanga wa mchele nao ni polisakaraidi, hivyo kopo lililojaa wanga linaweza kujisifu kwa tarakimu hiyo bila kusema uongo. Uwiano kama 10:1 nao hueleza kiasi cha uyoga kilichotumika, si kilichobaki ndani ya kapsuli. Muuzaji aombwe cheti cha maabara chenye namba ya toleo inayolingana na ile ya kopo, kinachoonyesha pia kipimo cha risasi na zebaki, kwa maana uyoga hufyonza metali nzito kutoka mahali unapoota.

Unga wa uyoga uliosagwa tu bila kuchemshwa ninauweka wa tatu: ni halisi, ila ukuta wa seli zake una dutu ngumu iitwayo kitini, ambayo tumbo la binadamu huimeng'enya kwa shida.

Wa nne ni unga wa nyuzi za uyoga zilizooteshwa juu ya nafaka, ambao kwenye lebo hutambulika kwa neno "mycelium" likiandamana na mchele au shayiri. Nyuzi hizo haziwezi kutenganishwa na nafaka, kwa hiyo vyote hukaushwa na kusagwa pamoja, na mnunuzi hulipia wanga kwa bei ya uyoga. Anayetaka kuhakikisha achemshe nusu kijiko cha unga kwenye maji, aache yapoe, ayazimue mpaka rangi ififie, kisha adondoshee matone machache ya ayodini ya vidonda: yakigeuka bluu nzito inayokaribia weusi, wanga upo mwingi. Yasipogeuka, kipimo hicho hakithibitishi kwamba uyoga uliotajwa ndio uliomo.

Kahawa ya uyoga ya pakiti inashika mkia. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, na mara nyingi sukari na krimu ya unga hutangulia uyoga kwa mbali.

Ambacho hakistahili nafasi kabisa ni mchanganyiko wa aina nane au kumi usiotaja kiasi cha kila moja, hasa ukiuzwa kwa ahadi ya kuponya saratani au kisukari. Tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na dawa ziko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bidhaa inayopita kama chakula haina ruhusa ya kutangazwa kuwa inatibu. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze reishi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu, na mwenye matatizo ya figo aiepuke chaga, aina nyingine ya uyoga, ambayo ina okzaleti nyingi, chumvi zinazoweza kudhuru figo.

Asiyetafuta dawa bali lishe anaweza kuacha makopo yote hayo na kununua mamama (uyoga wa kula unaolimwa) mbichi au mikavu, ambayo nayo ina beta-glukani na huota vizuri hata juu ya mabaki ya mkonge, kitu ambacho Tanga haijawahi kupungukiwa nacho.