Essaouira, Moroko: usipite tu, lala

Wengi hufika Essaouira asubuhi kwa basi la watalii kutoka Marrakech, hupiga picha kwenye ukuta wa ngome unaozunguka mji, hula samaki, na jioni hao wamegeuza. Mimi nililala, na kila apendaye miji ya bandari namsihi afanye hivyohivyo. Bandari hii inafanya kazi kwelikweli, na kazi yenyewe ni ya alfajiri.

Basi la kawaida huchukua kama saa tatu. Magari hayaingii mji mkongwe, kwa hiyo langoni utapokewa na wachukuzi wenye mikokoteni. Patana bei kabla begi halijapanda. Mimi niliyezoea vichochoro vya Mji wa Kale Mombasa nilishangaa kukuta mitaa imenyooka hivi. Kumbe mji ulichorewa ramani kwanza. Sultani Mohammed ben Abdallah aliujenga kuanzia miaka ya 1760 uwe bandari kuu ya biashara ya nchi yake, akamtumia mhandisi Mfaransa, Théodore Cornut. Wareno walikuwa wamejenga ngome hapo mwaka 1506, wakati huo pakiitwa Mogador, lakini hawakudumu ila miaka michache. Kwetu Mombasa walianza Ngome ya Yesu mwaka 1593 na wakaing'ang'ania hadi Waomani walipowatoa mwaka 1698.

Bandarini ndiko nilikoshinda. Mashua za buluu zimebanana ubavu kwa ubavu, wavuvi wanashona nyavu, shakwe wanagombania matumbo ya samaki. Kando yao zinaundwa meli za uvuvi za mbao, mataruma, yaani mbavu zake, yakiwa bado wazi. Nilimkuta fundi akipiga kalafati, anasindilia nyuzi kwenye nyufa za ubao kwa patasi na nyundo ya mti, pigo baada ya pigo, bila kuruka hata inchi. Alipoona nimeganda hapo akanipa nyundo niishike. Nzito! Kwangu hilo lilishinda mizinga yote ya ukutani, ingawa nayo ni ya kutazama, imepangwa safu ikielekea baharini.

Mnara wa bandarini una kiingilio, na unastahili. Usikose pia Bayt Dakira, nyumba ya kumbukumbu ya Wayahudi wa mji huu, yenye sinagogi ndani yake. Humo utaelewa biashara ya hapa ilivyoendeshwa na majirani wa dini mbili.

Lalamiko langu ni mabanda ya kuchoma samaki. Dagaa walikuwa wabichi na watamu, lakini bili ilikuja na mkate na saladi ambavyo sikuagiza. Samaki apimwe mbele yako, na uulize jumla kabla hajafika motoni.

Upepo ni mkali, chukua koti hata wakati wa joto. Ufuo ni mpana ila maji ni baridi, si kama ufuo wetu wa Diani. Wenye watoto wanaotaka kuogelea watafute kwingine. Mwenye mzee anayeijua bahari ampeleke bandarini asubuhi, amwache na mafundi hadi adhuhuri.