QEMU na kikomo cha programu dhibiti: uzoefu wangu na max-fw-size

Ilikuwa saa tano usiku, umeme umerudi muda si mrefu, nikabonyeza Enter nikitegemea kuona UEFI ikiwaka, yaani ile programu dhibiti (firmware) inayoamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi. Nilichopata ni mstari mmoja tu kwenye terminali: jumla ya ukubwa wa programu dhibiti imezidi baiti 8388608. Basi. QEMU, programu ninayotumia kuendesha mashine pepe, ikajifunga yenyewe, hata dirisha halikufunguka.

Nimetumia QEMU miaka mingi na sikuwahi kujua kuna kikomo cha aina hiyo, achilia mbali chaguo la max-fw-size linalokiinua. Wengi wenu hamtakaa mkutane nacho. Faili za OVMF (UEFI ya mashine pepe) zinazokuja na Debian au Ubuntu, zile zenye alama ya 4M, ukijumlisha CODE, yaani msimbo wenyewe (baiti 3653632), na VARS, yaani mipangilio yake (baiti 540672), unapata megabaiti 4 kamili, hakuna hata baiti ya chenji. Kikomo cha kawaida ni megabaiti 8. Kwa hiyo anayewasha Windows au Linux ya kawaida ana nafasi ya kutosha na hana sababu ya kusoma zaidi, isipokuwa kama anapenda umbea wa kiufundi kama mimi.

Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa najifunza LinuxBoot, mradi uliotangazwa na Linux Foundation mwaka 2018, ambao wazo lake ni kuchukua kerneli (kiini) ya Linux na kuitia ndani ya programu dhibiti yenyewe, ifanye kazi ambazo UEFI huzifanya kwa madereva yake. Nina seva kuukuu moja niliyoitamani kwa jaribio hilo. Ila ukikosea kuandika kwenye chipu ya seva, umebaki na bati. Nikasema nifanye makosa yangu yote kwanza kwenye mashine pepe, ambako kosa halina gharama. Nikachukua EDK2, msimbo chanzo ambao OVMF hutokana nao, nikarekebisha ramani ya ukubwa, nikaingiza kerneli pamoja na initramfs (faili za mwanzo zinazopakiwa pamoja na kerneli) iliyotengenezwa kwa zana ya u-root, nikakompaili. CODE ikatoka megabaiti 11. Ongeza VARS, jumla baiti 12075008. Na QEMU imesema mwisho ni 8388608. Hesabu haina mjadala.

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba msimbo chanzo. Kikomo chenyewe kilikuwa kimeandikwa kwa mkono kwenye faili la hw/i386/pc_sysfw.c, kwa jina la FLASH_SIZE_LIMIT, megabaiti 8. Kilichonifurahisha ni maelezo yaliyokuwa juu yake: aliyekiandika alikiri wazi kwamba hana hoja ya kinadharia ya kutaja mpaka kamili, ila kwa sasa aweke 8. Nilipenda ukweli ule. Mara ngapi tumekuta nambari kwenye programu imesimama kama amri ya serikali, kumbe mtu alikadiria tu jioni moja akaenda kulala?

Nilichofanya mwanzoni ni kile ambacho kila mwenye papara angefanya. Nikabadilisha 8 kuwa 16, nikakompaili QEMU upya, kwa x86_64 peke yake ili nisikeshe. Laptopu yangu ilichukua zaidi ya nusu saa, feni ikipiga kelele kama mashine ya kusaga. Ikafanya kazi. Lakini kuanzia hapo nikawa na QEMU mbili kwenye mashine moja, ya mfumo na ya kwangu, na kila nikisahau kuandika njia kamili ya ile ya kwangu, kile kimstari cha 8388608 kinarudi. Masasisho ya usalama nayo yakitoka yanaigusa ya mfumo tu, ile ya kwangu ikabaki nyuma kama mtoto wa kambo.

Kumbe dawa ilishatoka. Toleo la QEMU 6.0, la Aprili 2021, lilikigeuza kile kikomo kuwa chaguo la mashine. Badala ya kukompaili, unaandika hivi:

-machine q35,max-fw-size=16M

Inakubali kwa q35, aina ya kompyuta ya kisasa zaidi ambayo QEMU huiiga, na kwa pc ya zamani pia. Mbona sikuliona? Kwa sababu nilikuwa kwenye Debian 11, na Debian 11 ilitoka na QEMU 5.2. Nilipitwa kwa toleo moja! Si kosa la mtu, ni kalenda tu. Nilipohamia Debian 12, yenye QEMU 7.2, nikaandika ule mstari, nikaifuta QEMU yangu ya kienyeji siku hiyo hiyo. Sikuililia.

Sasa niseme jambo ambalo nadhani ndilo la maana kwa anayefikiria kulitumia: chaguo hili halikuachii uhuru wote. Nilijaribu 24M, kwa tamaa tu, ikanikatalia ikisema nimezidi megabaiti 16 na kwamba mashine inaweza isiwake, au ikawaka ikayumbayumba. Mwanzoni nilikasirika. Ikiwa mmenipa usukani, mbona mnashika breki? Nikaenda kutazama ramani ya memori, hasira ikaisha.

Prosesa ya x86 ikipata umeme, amri yake ya kwanza huisoma kwenye anwani 0xFFFFFFF0, yaani baiti 16 chini ya ukuta wa gigabaiti 4. Kwa hiyo programu dhibiti lazima ibandikwe ikiwa imeegemea ukuta huo, mkia wake ukiwa juu kabisa, kisha ishuke chini kadiri ya unene wake. CODE inakaa juu, VARS inaning'inia chini yake. Na huko chini kuna wapangaji wengine. Megabaiti 18 chini ya ukuta, kwenye 0xFEE00000, inakaa APIC ya prosesa, kidhibiti cha miito yake. Megabaiti 19 yuko HPET, saa ya mfumo. Megabaiti 20, kwenye 0xFEC00000, iko IO-APIC, inayopokea miito ya vifaa. Ukishuka megabaiti 16 unafika 0xFF000000, bado uko kwenye ua wako. Ukishuka 24 umeingia sebuleni kwa watu, na wao hawatabisha hodi kukuambia. Utaona tu mashine pepe inaganda bila sababu baada ya robo saa. Hiyo ndiyo breki. Megabaiti 8 ilikuwa tahadhari, 16 ina sababu unayoweza kuipima kwa kidole kwenye ramani.

Jambo la pili ambalo watu wanalichanganya, na kijana ninayefanya naye kazi alilichanganya mbele yangu: max-fw-size ni dari, haikuongezei kitu. Alikuja na laptopu, "Fundi, nimeweka 16M lakini chipu bado inaonekana ndogo." Nikamwambia chipu ya flashi kwenye x86 inachukua ukubwa wa faili unalompa, hakuna zaidi. Ukiweka dari juu halafu mtu mfupi akaingia, mtu hajarefuka. Na ukiishusha dari, kwa mfano 2M, hata OVMF ya kawaida ya megabaiti 4 itagonga kichwa na kukataliwa. Nilimjaribishia pale pale, akacheka.

Halafu kuna kosa langu mwenyewe, ambalo lilinila siku mbili nzima, na ninalisimulia ili mtu mwingine asipotee njia ile ile.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi sana na virt, mashine pepe ya QEMU kwa prosesa za ARM. Kule utaratibu ni mwingine kabisa: chipu mbili za flashi, kila moja megabaiti 64, na faili ni lazima litimie. Ukipeleka faili la megabaiti 2, inakujibu kwamba kifaa kinahitaji baiti 67108864 na wewe umeleta pungufu. Kila mtu wa ARM anajua dawa yake:

truncate -s 64M QEMU_EFI.fd

Faili linajazwa sufuri mwishoni, unaendelea na maisha. Basi mimi, mikono ikiwa imeshazoea, nikaitazama CODE yangu ya megabaiti 11 nikaona nambari haipendezi. Nikaandika truncate -s 12M, nijiachie nafasi ya baadaye. QEMU ikalipokea bila neno, kwa maana 12 na ushee ni chini ya 16, na ukubwa unagawanyika kwa 4096 kama inavyotaka. Dirisha likafunguka. Ndani yake maandishi madogo kwamba mgeni (yaani mashine pepe) bado hajaandaa skrini. Nikasubiri. Nikanywa chai. Nikarudi, bado mgeni hajaandaa skrini.

Nilishuku kerneli. Nikaikompaili upya. Nikashuku u-root, nikashuku EDK2, nikashuku hata max-fw-size yenyewe kwamba ina hitilafu, nikarudi kwenye 8M kwa faili dogo ikawaka vizuri, nikazidi kuchanganyikiwa. Siku ya pili, nikiwa nimechoka, nikafungua faili kwa xxd, zana ya kuonyesha baiti za faili, nikaangalia mwisho wake. Sufuri. Mistari na mistari ya sufuri. Hapo ndipo nilipopiga paji la uso. Prosesa ya x86 inaanza kusoma baiti 16 kutoka mwisho wa faili, na mimi mwisho wa faili nimeufunika kwa megabaiti nzima ya hewa. ARM ya virt inaanzia mwanzoni, anwani sufuri, kwa hiyo kujaza nyuma hakuidhuru. Kwenye x86 kama ni lazima ujaze, jaza mbele: andaa faili la sufuri, kisha uliunganishe na la kwako kwa cat, la kwako likija nyuma. Nikafanya hivyo, skrini ikajaa herufi za Linux ndani ya sekunde chache. Sikuwa na wa kumlaumu.

Malalamiko yangu kwa chaguo lenyewe ni machache. La kwanza, ule ujumbe wa kukataa unakutajia baiti lakini haukutajii jina la chaguo. Mtu mpya anasoma "imezidi 8388608" na hajui kwamba tiba ni neno moja. Laiti wangeongeza "tazama max-fw-size" nisingekompaili chochote, walau nilipokuwa nimeshafika kwenye toleo jipya. Ukitaka kujionea mwenyewe, andika -machine q35,help, utalikuta kwenye orodha katikati ya majina mengine mengi.

La pili ni kwa wanaotembeza skripti zao kwenye mashine tofauti. Nilimpa mwenzangu skripti yangu, kwake kulikuwa bado na 5.2, ikamwambia mali ya jina hilo haipo. Hiyo ni haki yake. Ila kumbuka pia upande wa pili: ukihamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine, chaguo hilo liandikwe pande zote mbili, la sivyo upande wa kupokea unafungia mlango kwenye megabaiti 8 kabla hata uhamisho haujaanza.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisitumie -bios, chaguo la kuipa QEMU programu dhibiti kama faili moja, nikaachana na haya yote. Inawezekana kwa majaribio ya haraka. Lakini pale programu dhibiti inakuwa ya kusomwa tu, UEFI haina flashi ya kuandikia mipangilio yake, na mimi nilitaka mpangilio wa kuwaka ubaki baada ya kuzima. Kwa hiyo pflash (chipu pepe za flashi) mbili: CODE ikiwa readonly, VARS nakala yake kwa kila mashine pepe. Nakala, tafadhali. Usiielekeze kwenye ile iliyoko /usr/share.

Je, ningelipendekeza? Kwa mtu wa kawaida hapana, hana haja nalo. Kwa anayeandika au kupima programu dhibiti, anayekompaili EDK2 bila kuibana ili aweze kusaka hitilafu, au anayeweka Linux ndani ya chipu kama mimi, ndiyo, bila kusita. Ni badiliko dogo ambalo limeniondolea kazi ya kulea QEMU yangu mwenyewe. Nyota nne, ya tano naishikilia mpaka ule ujumbe utaje jina.

Skripti yangu sasa ina 16M tangu siku ya kwanza. Jana nimeongeza zana za mtandao kwenye initramfs, nikapima tena: CODE imefika megabaiti 13 na nusu, VARS iko pale pale. Nimebakiwa na megabaiti mbili hivi, na kijana ameanza kuniuliza kama tunaweza kuweka na Python.