Matembezi ya kutazama shakwe kwenye mlango wa mto Sabaki

Huduma ninayoitathmini hapa ni matembezi ya asubuhi ya kutazama ndege pale mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya mji wa Malindi. Anayetaka kuwaona shakwe kwa wingi atafaidika sana, mradi aende wakati wa kaskazi. Akivutwa na tangazo linaloahidi viota vya shakwe wakati wa kusi, kama lile nililolisoma mimi, atakuwa ameuziwa kitu kisichokuwepo.

Mwongozaji wetu, kwa sifa yake, hakulitetea tangazo hilo. Alieleza kwamba shakwe wa kahawia, ambaye wataalamu humwita Larus hemprichii, hutaga kwenye visiwa vya matumbawe vya Kiunga, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1979 karibu na mpaka wa Somalia, baina ya Julai na Septemba hivi, akiyaweka mayai chini, kwenye kivuli cha kichaka au cha jabali, ambako baadhi ya watu huyaokota. Msimu huo ukiisha ndege hutawanyika pwani, na Sabaki huanza kujaa kuanzia Oktoba, wakati ambapo hufika pia shakwe wakubwa wenye mgongo wa kijivu kilichoiva, waliozaliana kaskazini ya Urusi, ambao hukaa mpaka Machi au Aprili.

Tulikwenda Januari. Kupitia darubini ya miguu mitatu niliona vizuri mdomo wa rangi ya manjano-kijani wenye mkanda mweusi na ncha nyekundu, pamoja na ukosi mweupe nyuma ya shingo. Mwongozaji akatufundisha kuwatenga wachanga, ambao hawana ukosi huo na ambao manyoya ya mgongoni yana kingo hafifu mfano wa magamba. Kwa somo hilo peke yake nililipa kwa moyo mkunjufu.

Kasoro ni kwamba safari huanza saa ileile kila siku bila kujali maji, hivi kwamba sisi tulifika yamejaa na ndege wamesongamana kwenye fungu la mbali, ng'ambo ya mkondo, huku darubini ikiwa moja kwa kundi zima. Tena wakati wa kusi wana kitu halali cha kutangaza: Glareola ocularis, ndege mdogo anayekuja kwa maelfu kutoka Madagaska. Hajatajwa popote kwenye tangazo lao.