Shuka la kitambaa cha marekani kwa joto la usiku: nimelilalia miezi minne

Nina miaka 52, kazi yangu ni cherehani, naishi Tanga. Siku zangu za hedhi zimeshakatika, na joto likachukua nafasi yake. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, masikio yanawaka, na baada ya dakika mbili tatu umelowa chapachapa. Likipita, baridi inakuingia mpaka unatafuta shuka ulilolitupa. Usiku lilikuwa linanijia mara nne, mara tano. Asubuhi nakaa kwenye mashine na macho mazito. Kuna gauni la harusi nililikata mikono yote miwili ya upande mmoja, ikabidi nikanunue kitambaa kingine kwa pesa yangu.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni vidonge vya mzizi wa black cohosh, mmea wa Amerika ya Kaskazini. Kichupa shilingi 48,000, nikamaliza viwili. Wiki mbili za kwanza niliona nafuu, nikawasifia hadi majirani, kisha joto likarudi vilevile. Binti yangu ni muuguzi; alipokiona kichupa aliniambia, "Mama, acha hivi. Kuna watu ini limewaharibikia wakivitumia." Akanisomea kwenye simu mwongozo wa mwaka 2023 wa Menopause Society, chama cha Marekani cha wataalamu wa ukomo wa hedhi: dawa za mitishamba na soya hawazipendekezi kwa joto hili, kwa kuwa ushahidi wake hautoshi. Niliumia kwa ile 96,000, lakini niliacha siku hiyohiyo.

Sasa shuka. Nilikuwa na seti nzuri ya kung'aa, imeandikwa pamba asilimia mia moja. Usiku mmoja, jasho linanitiririka, nikalishika shuka nikaona halinywi kitu, maji yamekaa juu yake kama kwenye nailoni. Fundi mzima, nimelala juu ya kitu ambacho sikuwahi kukipima! Nikachomoa uzi mmoja pindoni nikauwasha kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unanuka karatasi, unaacha majivu laini unayoyapangusa kwa kidole. Wangu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kipunje cheusi kigumu. Poliesta. Jipimie na wewe kabla hujalaumu mwili wako.

Nikaenda kununua marekani, ile pamba nyeupe mbichi ya rangi ya maziwa yaliyochemka, isiyotiwa dawa ya kung'arisha. Kwa kitanda changu cha futi tano kwa sita nilichukua mita tano na nusu, nikaunga vipande viwili kwa mshono kama wa jinzi ili mdomo wa kitambaa usinikwaruze. Usikate kabla ya kufua. Ina wanga mwingi wa kiwandani na inarudi ikifuliwa. Niliilaza kwenye maji ya moto usiku kucha, maji yakatoka ya njano, nikafua tena mara mbili. Mwezi wa kwanza ni ngumu, inakwaruza kidogo magotini. Baada ya hapo inalainika kama khanga kuukuu.

Je, imeondoa joto? Hapana, na sitaki mtu anunue akidhani ni dawa. Daktari wa kliniki alinieleza kwamba estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, inaamuru jasho. Shuka haliwezi kuuzuia ubongo. Linachofanya ni kunywa lile jasho, feni ikipuliza linakauka, nami nalala tena badala ya kukaa kitandani nikingoja alfajiri. Naamka mara mbili sasa, pengine mara moja. Sehemu ya nafuu hiyo nadhani inatokana na kuacha kahawa ya baada ya magharibi na pilipili kwenye chakula cha usiku, maana kwangu mimi hivyo viwili vilikuwa vinaliita joto waziwazi. Mwenzangu wa kibanda cha pili anakula pilipili kama kawaida na haimsumbui.

Daktari aliniambia pia kwamba dawa za homoni zipo, na kwa joto hili hakuna zinazozishinda nguvu, ila si kila mwanamke anaruhusiwa, lazima apimwe kwanza. Nimeamua kusubiri. Wewe ambaye joto limekushinda kabisa, nenda ukaulize, usione haya. Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, dada yangu, hata tone, hospitali siku hiyo.

Shuka nalipa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya mwezi ule wa kwanza, na kwa sababu linakunjamana vibaya, bila pasi halitazamiki. Wiki hii namshonea dada yangu la kwake. Kitanda chake ni sita kwa sita, na kitambaa tayari kimelala kwenye beseni.